Mikono ya Watani

Watu wa Lubungila hawakukataa kuchanjwa ndui. Walikubali wote kwa kauli moja, ila kila mmoja alimkubalia mwenzake.

Ilikuwa miaka ile ya Mdachi, reli ikiwa imekwisha kufika Morogoro, na Bwana Daktari alikuwa amepanda mlima kwa miguu hadi uso ukamwiva. Nyuma yake walikuja wapagazi, na nyuma ya wapagazi alikuja msaidizi wake, Petro, aliyebeba sanduku la dawa mwenyewe kwa sababu hakumwamini mpagazi yeyote. Waliketi barazani kwa Jumbe Abasi. Daktari alieleza kwa Kiswahili cha bomani, na pale kilipomwishia, Petro alimalizia. Ndui, alisema, ni kama moto wa nyikani. Unataka majani makavu. Mtu aliyechanjwa ni jani bichi. Majani mabichi yakiwa mengi, moto unafika, unakosa cha kula, unazimika wenyewe. Hata lile jani kavu mojamoja lililo katikati yao, yaani mgonjwa au kichanga asiyeweza kuchanjwa, linasalimika kwa kuwa limezungukwa na mabichi.

Hakuna aliyelielewa jambo hilo vizuri kumshinda Jumbe Abasi. Aliuliza kama ni kweli kwamba mtu anaweza asichanjwe na bado akapona. Daktari alifurahi, maana tangu atoke bomani hakuwa ameulizwa swali la maana hata moja. Akajibu kwamba naam, inawezekana, kwa wachache. Jumbe akatikisa kichwa polepole na hakuuliza zaidi. Alikwisha kuwajua hao wachache ni akina nani.

Nyuma ya ukuta wa mabua alikaa Mosi, mtoto wa dada yake Jumbe, akimnyonyesha mwanawe Dadi. Yeye naye alisikia yote. Lakini katika maneno yote yale, lililomganda kichwani ni moto.

*

Salehe, mume wa Mosi, alikuwa na desturi ya kushuka Mikese na mzigo wa ndizi na mboga, na safari moja alifika hadi Ngerengere kwenye kambi ya watu wa reli. Huko aliona kibanda kilichotengwa mbali na vingine, na mlangoni mwa kibanda aliona mtu ambaye hakuweza kusema kama ni mzee au kijana, kwa jinsi uso wake ulivyokuwa. Alirudi na mzigo wake ule ule begani. Hakumweleza mkewe mengi. Alimwambia tu kwamba siku daktari atakaporudi na dawa, angependa Dadi awe mtoto wa kwanza kunyoosha mkono.

Kupenda alipenda, lakini mtoto hakuwa wake wa kuamulia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na Salehe alikuwa amekuja kuoa Lubungila, akajengewa nyumba na kuonyeshwa shamba, na alikuwa akihesabiwa pale kama mgeni mwenye tabia nzuri. Mwenye neno juu ya Dadi alikuwa mjomba. Na ukoo wa Wamlelu, ambao Jumbe Abasi ndiye kichwa chake, ulikuwa umejaliwa wasichana watupu miaka yote ile, hata alipozaliwa Dadi. Huyo ndiye angekuja kurithi kiti cha Jumbe, kanzu yake, na ugomvi wake wote wa mipaka.

Salehe alivaa kanzu yake safi akaenda kumwona Jumbe.

"Shikamoo, mkwe."

Jumbe aliitikia marahaba bila kuinua uso, akaendelea kukata kucha za mguu. Alikata mguu wa kulia, akahamia wa kushoto, na Salehe alisimama akiwa na kofia mkononi mpaka kidole cha mwisho. Kisha akaeleza haja yake. Jumbe alimsikiliza kwa upole kabisa.

"Mtoto umezaa, na sisi tunashukuru," alisema. "Kumbeba, mbebe. Kumlisha, mlishe. Kumkata, hapo niachie mimi."

Akamfafanulia kama mtu anavyomfafanulia mtoto. Kuchanjwa kunaleta homa, mkono unavimba, unatoa usaha. Mtu anamfanyia hivyo mtoto aliye mmoja tu? Si daktari mwenyewe aliyesema kwamba wapo wa kukingwa na wapo wa kukinga? Basi kama Dadi si wa kukingwa, nani atakuwa wa kukingwa katika nchi hii?

Salehe alirudi nyumbani akavua kanzu, akaikunja vizuri. Mosi aliona jinsi alivyokuwa akiikunja.

*

Tatizo lilikuwa mikono. Daktari alisema atarudi mwezi mpya ukiandama, na Petro atawaita watu kwa majina yale yale yanayoitwa wakati wa kodi. Kijiji kisichotoa watu, jumbe wake atakwenda kueleza bomani, na maelezo ya bomani yalikuwa yakitolewa mtu akiwa amelala kifudifudi, ishirini na tano kwa jumla.

Wazee wa Lubungila walikutana, na wote waliona kwamba chanjo ni jambo jema sana. Mmoja alisema angechanjwa hata leo, ila anakwenda kulima. Mwingine alisema wanawe ni dhaifu wa damu. Wa tatu alisema yeye kwa umri wake ndui akimwona atamwamkia tu na kupita. Kila mmoja aliwasifu wenzake kwa afya zao na kuwaomba watangulie. Mkutano ulikwisha kwa furaha, bila kupatikana mkono hata mmoja.

Hapo ndipo Jumbe alipotoa wazo lake. Aliwauliza Wamlelu wenzake, kazi zao zote zisizofanyika huwa wanafanyiwa na nani? Akifa mtu wao, nani anamwosha? Nani anachimba kaburi, nani anakwenda kusema maneno ambayo mwenye ukoo akiyasema atakufa kwa aibu? Ni watani wao, Wagome wa ng'ambo ya mto. Mtani ameumbwa kwa ajili hiyo. Anakutukana, anakunyang'anya kuku, anakuigiza mbele ya wakwe zako, na siku ya shida anaibeba shida yako. Basi kuchanjwa ni nini, kama si kazi ya mtani?

Koo nyingine zilipopata habari zilisikitika kwamba hazikuwahi kuwaza hivyo, kisha nazo zikawaza hivyo. Kila ukoo ulikuwa na watani wake mahali fulani.

*

Siku ya chanjo Lubungila ilijaa watu wasio wa Lubungila. Walikuja tangu alfajiri wakiwa wamevaa nguo za kuazimwa, wakijikumbusha majina yao mapya. Mtu mmoja aliyepewa jina la mjane wa jirani alirudishwa njiani kwa sababu alikuwa na ndevu.

Aliyekuja kuwa Mosi alikuwa Anastasia, mwanamke mkongwe wa Wagome, Mkristo wa misheni, mwenye rozari shingoni na meno matatu kinywani, yote upande mmoja. Alipewa khanga ya Mosi. Aliitazama, akamtazama na Mosi mwenyewe, akasema kwamba amekubali kuwa binti wa miaka ishirini kwa siku moja, lakini mume atamtaka usiku kucha. Watu walicheka. Salehe alitoka nje.

Mosi alikuwa ameambiwa akae ndani na mtoto. Alikaa. Alisikia majina yakiitwa moja moja na sauti za watu asiowajua zikiitikia, mama yake, dada zake, wote wakiitikia kwa sauti za ng'ambo. Halafu Petro akaita jina lake. Hakukusudia. Miguu ilisimama yenyewe, na alipojitambua alikuwa uani, Dadi mgongoni, mkono wa mtoto ameushika kiganjani ameunyoosha mbele.

Mbele ya daktari walikuwapo wanawake wawili wa jina moja.

Daktari alimtazama huyu, akamtazama yule. Jumbe alicheka kidogo, cheko la mtu mwenye msiba wa nyumbani, akasogea na kumshika Mosi mkono.

"Bwana amsamehe. Huyu akili zimempungua tangu ajifungue. Hujiita jina la kila mtu."

Mosi aliwatazama majirani. Wapo waliomkata kitovu. Wapo waliomfundisha kusuka mkeka, waliomcheza ngoma alipokuwa mwali. Wote walitikisa vichwa kwa huruma, na mmoja akaongeza kwamba wiki iliyopita alijiita Jumbe. Mosi alifungua kinywa akitaka kusema jina lake, na jina likakataa kutoka, kwa sababu lilikuwa tayari limekaa kwenye kiti likinyoosha mkono wenye makunyanzi. Alirudishwa ndani. Nyuma yake alimsikia daktari akimwambia Petro kwamba watu hawa huzeeka mapema mno.

Jioni kuku walichinjwa. Watani walikula kama wanavyokula watani, bila kusema ahsante na wakilalamikia chumvi. Anastasia alikuwa akinyonya mfupa, mkono wake wa kushoto umefungwa jani la mgomba, alipomgeukia Jumbe.

"Haya, tumechanjwa kwa ajili yenu. Na kuugua je, mtamtuma nani?"

Walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Jumbe alicheka kuliko wote. Alikuwa amekaa na zawadi aliyopewa na daktari kwa utiifu wa kijiji chake, mwavuli mweusi wenye mpini uliopindwa, na ingawa jua lilikwisha kuzama alikuwa ameufungua.

Kesho yake daktari alivuka mto akawachanja Wagome kwao, safari hii kwa majina yao. Wakatoa mikono ya kulia. Petro alimkazia macho Anastasia, akamwambia kwamba anafanana sana na mwanamke mmoja wa jana.

"Sisi weusi tunafanana," alijibu Anastasia. "Muulize bwana wako."

Siku zilipopita, mikono ile ya pili haikuchipua hata upele. Daktari alipoambiwa alisikitika sana, akasema dawa imeharibika kwa joto la njiani, akaleta nyingine na kumwacha Petro kwa Wagome awachanje tena mpaka ichipue.

*

Ndui ilipanda mlima kwa njia ile ile aliyopanda daktari, lakini haikuhema. Ilikuja na Fransisko, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya reli Ngerengere, aliyerudi kwao Lubungila na shuka mpya na homa. Watu walikwenda kumpa pole na kuitazama shuka. Wiki mbili baadaye homa iliingia nyumba tatu, kisha vipele, kwanza usoni, kisha mikononi, vigumu kama punje za mtama chini ya ngozi.

Jumbe alitoa amri kwamba ugonjwa huo uitwe tetekuwanga. Akapiga marufuku mtu kuvuka mto au kushuka mjini, maana bomani wakisikia kwamba kuna ndui katika kijiji ambacho watu wake wote wamechanjwa, watataka kuja kuitazama mikono. Alipita nyumba hadi nyumba chini ya mwavuli wake akiwatuliza watu. Aliwakumbusha habari za moto na majani. Wao wako katikati, alisema, moto hauwezi kuwafikia.

"Katikati ya nani, mkwe?" aliuliza Salehe.

Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Jumbe akageuza macho huku na huku, kwenye nyumba za jirani zilizofungwa milango mchana, kwenye jiko la mama yake Fransisko lisilotoa moshi. Majani mabichi yote yalikuwa ng'ambo ya mto, na ng'ambo kweli hakukuwa na mgonjwa hata mmoja.

Mosi alimchukua Dadi akahamia naye dungu la shambani, kule juu wanakolindia mahindi. Kila asubuhi alimvua nguo, akampapasa paji la uso, mgongo, viganja, nyayo, akitafuta punje ya mtama. Alipokosa alimvika. Alipomaliza kumvika alihisi hakutazama vizuri, akamvua tena.

Siku ya tano alifariki Hidaya, binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa amekwisha kuposwa. Wamlelu walikaa na maiti ndani tangu asubuhi hadi jua likapinduka, wakitazamana. Kumwosha wenyewe hawakuweza, ni mwiko. Kuwaita watani ni kuvuka mto, na kuvuka mto Jumbe amekataza. Mwishowe mama yake Hidaya alitoka akasimama mbele ya Jumbe, akamwambia kwamba mwanawe hataozea ndani kwa ajili ya mwavuli. Jumbe akasema apelekwe mwanamke, asivuke, apige kelele kutoka ukingoni.

Mosi aliteremka kutoka shambani, akaomba atumwe yeye.

*

Anastasia alikuwa upande wa pili, akisugua sufuria kwa mchanga. Mosi alimpa habari ya msiba kwa sauti, maji yakipita katikati yao, na Anastasia akaacha kusugua.

Mosi alijua hawezi kuomba. Akiomba, atakuwa amemkaidi mjomba, na binti aliyemkaidi mjomba hana ukoo wa kumlilia wala wa kumzika. Lakini mtani haombwi. Mtani hutukanwa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kunong'ona, hata matusi ya utani alikuwa akiwaachia dada zake.

"Ninyi Wagome," alisema, "mmekwisha. Zamani mlikuwa wezi wa kweli. Siku hizi mnaiba kuku tu. Mtoto hata akiwa mgongoni pa mamaye, nguo imelegea, hamna mikono ya kumwiba."

Anastasia alimtazama. Alitazama nyuma, juu ya mlima, ambako moshi wa jiko la Petro ulikuwa ukipanda. Kisha akatema mate majini.

"Mwambie Jumbe aoshe masikio," alisema. "Tunakuja kulia."

Walikuja wengi. Walimwosha Hidaya, wakamvika sanda, wakachimba. Kazi ilipokwisha wakaanza utani wao, maana msiba usio na utani huhesabiwa kuwa haujakwisha. Gabrieli, mdogo wake Anastasia, alinyakua mwavuli wa Jumbe, akatembea nao uani akiinama chini yake kana kwamba mvua ya mawe inanyesha, huku akiwaambia watu wasiogope, wako katikati. Wafiwa walianza kucheka huku machozi yakiwatoka. Jumbe naye akatabasamu, kama inavyompasa.

Wakati huo Anastasia alipita nyuma ya Mosi. Mosi alihisi fundo la khanga likifunguka, uzito ukitoka mgongoni, baridi ikiingia mahali pake. Hakugeuka. Alihesabu pumzi zake, akiyakazia macho majani ya paa.

Jumbe ndiye aliyeona. Akasimama, uso umembadilika, akasema kwa ukali kwamba mtoto yule arudishwe mara moja. Anastasia alikuwa amefika kwenye njia ya mtoni, Dadi begani akinyonya msalaba wa rozari.

"Jumbe ameudhika na mtani?" aliuliza, kwa upole kama anayeuliza habari za shamba.

Watu wote walimgeukia Jumbe. Mtu anayeudhika na mtani hutozwa faini, lakini faini si kitu. Huimbwa. Wajukuu wake watacheza ngoma wakisikia jina lake likiimbwa, na baada yao wajukuu wa wajukuu. Jumbe alisimama na hasira yake mdomoni kama mtu aliyetia uji wa moto mbele za wakwe. Kisha akacheka. Alicheka kwa sauti kubwa, akauliza wanataka fidia gani wamrudishe mtoto. Mbuzi, walisema. Na akasema mbuzi atakuja sasa hivi, akamwita Salehe afungue beberu mweusi amfuate mwizi.

Salehe alimfungua beberu. Alikwenda naye kwa utaratibu mkubwa. Kila penye majani mazuri alimsubiri ale, na penye maji alimwacha anywe, na alipochoka kusimama akamtafutia kivuli. Mbuzi yule hakuwahi kutunzwa vile tangu azaliwe. Walifika kwa Wagome kesho yake mchana, na Dadi alikuwa na jani la mgomba mkononi, na Petro amekwisha kufunga sanduku lake.

*

Habari ilienea Lubungila kabla Salehe hajarudi. Asubuhi iliyofuata Wagome walipokuja kuondoa tanga, waliwakuta wanawake wamesimama kando ya njia, kuanzia mtoni hadi uani, kila mmoja ameipa njia mgongo kana kwamba anatazama milima, na kila mgongo una mtoto, na kila fundo limelegezwa. Wengine waliokuwa na watoto wakubwa waliwaketisha juu ya mawe na kuwaacha pale. Hakuna aliyesema neno. Mmoja tu, ambaye wezi walimpita bila kumwona, alikohoa.

Wagome waliiba mpaka wakachoka. Watani wa koo nyingine nao waliiba. Gabrieli alilalamika kwamba tangu dunia iumbwe hakuna wizi uliowahi kuumiza mgongo namna ile. Petro alichanja hadi dawa ikakaribia kwisha, akitikisa kichwa kwa jinsi inavyochipua vizuri kwenye mikono hii. Siku za baadaye watu wazima nao walianza kupotea, kila mmoja kwa wakati wake, akirudi na jani la mgomba mkononi na maelezo kwamba ametekwa.

Si wote waliowahi. Wapo watoto waliokwenda homa ikiwa tayari mwilini, na makaburi yao yalichimbwa na wale wale waliowaiba. Dadi alipata homa siku mbili, mkono ukavimba, ukatoa usaha kama Jumbe alivyosema. Mosi alikesha akiupepea. Ulipokauka uliacha kovu la mviringo lenye vishimo, na alilibusu mara nyingi hata mtoto akachukia.

Jumbe hakutekwa. Alisema mtu wa cheo chake hawezi kukutwa njiani amepakatwa. Alibaki barazani na mwavuli wake akiwasubiri waje kumwiba kwa heshima, na kabla hawajaja, homa ilimwingia.

*

Hakuna hata mmoja wa Wamlelu aliyethubutu kuingia ndani mwake. Aliingia Anastasia, akiwa na bakuli la uji. Mosi alikuwa akileta maji hadi mlangoni, na kutoka pale mlangoni aliwasikia.

Uso wa Jumbe ulikuwa umefunikwa wote, macho yameziba. Alimtaka Anastasia amwite Petro. Anastasia alimwambia Petro amekuja jana, ametazama, ametoka. Akamlisha kijiko cha uji, akamfuta kidevu, akamwambia amekuwa mzuri kuliko zamani, sasa hata nzi wanamkimbia. Jumbe alijaribu kucheka, midomo ikapasuka.

"Niliwatuma ninyi," alisema.

"Tulikwenda."

"Mlichanjwa. Niliona kwa macho yangu. Kwa jina la ukoo wangu."

"Tulichanjwa."

"Basi?"

Anastasia aliweka bakuli chini. Kwa mara ya kwanza Mosi alimsikia akijibu kama mtu asiye na utani na mtu yeyote.

"Jina lilikuwa lako, Jumbe. Mkono ulikuwa wangu."

Alfajiri ya Ijumaa alifariki.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Wanawake hawaendi kaburini, walisimama mbali wakitazama. Lakini mtani si mwanamume wala mwanamke, ni mtani, na hakuna aliyemzuia Anastasia alipopita katikati ya wanaume akiwa ameuinua mwavuli mweusi. Maiti ilikuwa bado ndani. Alifika ukingoni, akaufunga mwavuli, akauweka pembeni. Kisha akashuka shimoni, polepole, kwa magoti yake ya kizee, akalala chali.

"Mimi ndimi Wamlelu wote," alisema kutoka chini. "Walinituma nichanjwe kwa niaba yao, nikaenda, na kuku nikala. Leo nimekuja kulala hapa kwa niaba ya Jumbe. Nendeni ndani mkamwambie ainuke."

Palitakiwa kicheko pale. Watu waliandaa nyuso zao, na kicheko hakikuja. Anastasia alinyamaza macho yakiwa wazi, mikono kifuani, na alikaa hivyo muda mrefu kuliko utani unavyokaa, hata watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kuutazama mlango wa nyumba. Hakuna aliyetoka.

Mwishowe mkono wake wa kushoto ulionekana ukingoni, wenye kovu, ukitafuta wa kuushika. Wanaume walitazamana. Mosi alitoka kati ya wanawake, Dadi mgongoni, akapita mbele ya wote, akainama na kumvuta. Mkongwe alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Alisimama akahema, akajikung'uta udongo mgongoni, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Amekataa," alisema. "Haya. Mleteni mwenyewe."